Nani Alikupa? Watu wasiotajwa walioipa Unguja nyimbo, vitabu na sinema zake

Ukiuliza habari za muziki wa Unguja, utatajiwa Siti binti Saad kabla hujamaliza swali. Ukiuliza vitabu, utatajiwa Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake. Ukigusa sinema, mtu mzima yeyote atakutajia Raj Kapoor, tena huenda akakuimbia kidogo. Majina hayo yamestahiki kutajwa. Lakini lipo swali moja ambalo wengi hawaulizi: vitu vyote hivyo vilimfikiaje mtu wa Mangapwani? Nani alimwambia sikiliza hii, ile achana nayo?

Mangapwani iko kaskazini ya Mji Mkongwe, mwendo wa kilomita ishirini na kitu, pwani ya magharibi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Unguja ilikuwa na reli ndogo kutoka mjini, lakini ikaishia Bububu. Kutoka hapo kwenda juu ni miguu, punda au gari ya kubahatisha. Kwa hiyo santuri, kitabu, hata hadithi ya filamu, kila kitu kilifika kijijini mkononi au kichwani mwa mtu. Na huyo mtu hakubeba kila kitu. Alichagua.

Mgeni anayefika Mangapwani leo huonyeshwa pango lenye maji, na chumba kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe ambamo watu walifichwa ili wauzwe kwa magendo, baada ya soko la watumwa la mjini kufungwa 1873. Kuhusu pango, inasimuliwa kwamba aliyeligundua ni kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliyepotea. Jina la tajiri mwenye shamba limehifadhiwa mpaka leo. La kijana halipo. Hasha, burudani hailinganishwi na utumwa. Ila kumbukumbu ina tabia hiyo hiyo kila pahala: inamshika mwenye mali, inamsahau aliyeonyesha njia.

Tuanze na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Siti mwenyewe alikuwa mtu wa shamba, mzaliwa wa Fumba, aliyewahi kuuza vyungu kwa miguu. Sauti ya shamba ilipanda meli ikaenda Bara Hindi, ikarudi imo ndani ya sahani nyeusi, kisha ikarejea mashamba kwa mwenye gramafoni. Sasa angalia kazi ya huyu mwenye gramafoni. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulibeba dakika kama tatu tu. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unahusu kisa cha kweli: mwanamke mgeni kauawa, muuaji katoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake wengine. Waliokuwepo mjini walikijua kisa. Wa mbali je? Dakika tatu hazitoshi. Lazima awepo mtu wa kusema, "Ngojeni kwanza, niwaelezeni ilivyokuwa," ndipo azungushe mkono wa mashine. Bila yeye, watu wangesikia sauti nzuri na maana ingewapita.

Ikaja redio. Sauti ya Unguja ilianza 1951. Mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, na BBC ikafuata 1957, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar. Hapo kuchagua stesheni hakukuwa mchezo tena. Redio ilikuwa moja, wasikilizaji ni baraza zima, na siasa zimepamba moto. Mwenye redio akifungua Cairo, watu wameshajua anaegemea wapi. Akiifunga, wamejua pia. Kijijini mtu angeweza kupoteza wateja wa duka lake kwa sababu ya kitufe. Ndiyo maana wenye redio wenye busara walijua kuanza na taarab, wakaingiza habari, kisha wakarudi kwenye taarab. Hakuna chuo kilichowafundisha kupanga vipindi.

Upande wa sinema, mjini kulikuwa na majumba kama Majestic, Empire na lile lililokuja kujulikana kama Cine Afrique. Filamu za Kihindi ndizo zilizotawala, na Awara ya 1951 ilipendwa mno. Yalikuwepo hata maonyesho ya wanawake peke yao, ili mama na mabinti wapate kwenda bila maneno ya watu. Lakini kutoka Mangapwani, filamu ya jioni maana yake ni kulala mjini kwa jamaa. Wachache waliweza. Basi anayekwenda mmoja aliwatazamia kumi. Akirudi, uani wakati wa kupembua mchele au kusuka ukili, anaisimulia filamu nzima: nani mtoto wa nani, nani kamdhulumu nani, wimbo uliingia wapi. Wanawake waliokuwa hodari wa kazi hii walikuwa wengi, na hawamo katika historia yoyote ya sinema. Mtu aliweza kumlilia Raj Kapoor miaka kumi bila kumuona hata siku moja.

Vitabu navyo vina watu wao. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58, kikachapishwa 1960. Ndicho kilichomleta Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi wa mtindo wa Sherlock Holmes lakini Mswahili wa kwetu. Kijijini nakala moja haikukaa kabatini. Ilizunguka. Mwenye kitabu, mara nyingi mwalimu wa skuli, alikuwa na sharti: "Chukua, nirejeshee Ijumaa, na uniambie ulidhani muuaji ni nani." Sharti hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Lilimfanya msomaji asome kwa makini, maana ataulizwa. Na lilimfanya mwalimu naye awe makini, maana akimpa mtoto kitabu kisichofaa, mzazi atakuja mlangoni.

Halafu televisheni. Wazanzibari wanapenda kuwakumbusha wenzao wa bara jambo hili, na wana haki: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, ya mwanzo Afrika kusini ya Sahara. Bara ilisubiri mpaka 1994. Lakini seti zilikuwa chache, watu wakatazama kwa makundi, na palipo na seti moja pana mtu mmoja wa kuamua lini iwashwe, nani akae mbele na lini watoto waambiwe haya, nendeni mkalale.

Miaka ya 1980 biashara ilipoanza kufunguliwa, zikaingia kaseti na mikanda ya video kwa wingi, nyingi mikononi mwa jamaa waliokuwa Oman na nchi za Ghuba. Mzigo kutoka Maskati ulikuwa na kanga, manukato na kaseti mbili tatu. Kutoka Unguja zilikwenda za taarab, kutoka kule zikaja za Misri na India. Hapo akazaliwa mjuzi mpya: mwenye dekki mbili anayenakili. Unampelekea kaseti tupu, unamwambia ninataka nyimbo za harusi, yeye anakupangia: hizi za Ikhwani Safaa, hizi za Culture, hapa katikati nimekutilia moja hukuiomba, utaniambia. Ile moja ambayo hukuiomba ndiyo iliyompa jina mtaani.

Haki itendeke hapa: watu hawa hawakuwa malaika. Kaseti iliyonakiliwa haikumletea mwimbaji hata senti. Taarab ilienea kisiwani na nje kwa mgongo wa wasanii ambao wengi walizeeka bila kitu. Wapo pia waliotumia kuchagua kama fimbo, wakamficha mtu kitabu kwa sababu ni msichana, au wakazima redio kwa sababu wimbo unamsema rafiki yao. Mwenye kuchagulia wenzake ana nguvu, na nguvu hupotoka. Tofauti ni kwamba alikuwa anajulikana anakaa wapi. Mwenye lawama alikwenda kugonga.

Mei 2008 umeme wa Unguja, unaopita chini ya bahari kutoka bara, ulikatika karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, na kurudi ni Machi 2010. Miezi mitatu! Friji kimya, televisheni kimya, dekki kimya. Aliyekuwa na redio ya betri akarudi kuwa mfalme wa baraza, na aliyekuwa na hadithi kichwani hakuhitaji hata betri. Kwa muda mfupi kisiwa kizima kilikumbushwa kwamba mashine ni nusu tu ya burudani.

Sasa tupo kwenye simu na bando. Anayechagua siku hizi ni programu. Inajua ulichokitazama jana, inakupa kinachofanana nacho leo. Kazi yake inaifanya vizuri, na kijana wa Mangapwani leo anaweza kusikiliza rekodi ambazo babu yake alizisikia kwa jina tu. Hilo ni jambo la kushukuru. Ila programu haikusubiri Ijumaa. Haitakuuliza ulidhani muuaji ni nani. Haikutilii wimbo mmoja wa kubahatisha kwa sababu inajua wewe ni mjukuu wa fulani na umefiwa juzi.

Mfano mzuri ni Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa wa Zanzibar, akaenda Uingereza akiwa kijana, akaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya Paradise ilitoka 1994. Tuzo ya Nobel ikaja 2021, na ndipo kitabu hicho kikapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Kwa miaka yote ya kati, mtu wa Unguja asiyesoma Kiingereza hakuwa na namna ya kupewa kitabu kinachozungumzia pwani yake mwenyewe. Haikuwa kosa la mtu wa kupendekeza. Hakuwa na cha kushika mkononi. Leo kipo, kwa hiyo kazi imebaki kwa watu.

Na ukimkuta mmoja wa watu hawa leo, maana bado wapo, hatakupa orodha ya vitu hamsini. Atakupa kimoja kimoja, na sababu yake. Kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale, kwa sababu kinachekesha huku kinakufikirisha, na lugha yake ni ya Unguja hasa. Ukikirudisha, ndipo upewe Peponi, kwa sababu baada ya Bwana Msa utakuwa tayari kwa mwandishi asiyekupa jibu. Muziki: Ikhwani Safaa kwanza, kikundi cha tangu 1905, ili ujue taarab ya kukaa kitako na kusikiliza ilivyo. Kisha Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ili ujue kwamba sauti iliyokwaruza inaweza kushinda ngoma yote. Filamu: Awara, na uitazame na bibi yako kama yupo. Yeye ataongeza yasiyokuwemo kwenye skrini.

Chuoni, yaani madrasa, watoto wa Unguja wamefundishwa zamani kwamba elimu ina silsila. Mwalimu anajua alisoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani, mpaka juu. Elimu isiyo na mlolongo wa wapokezi ina mashaka. Nyimbo, vitabu na sinema za kisiwa hiki nazo zilipita kwa wapokezi, mkono kwa mkono, kutoka meli hadi mtaa, kutoka mtaa hadi Mangapwani. Hakuna aliyeuandika mlolongo huo, na wengi waliokuwamo wameshatangulia mbele ya haki.

Wale wa zamani kabisa hawatapatikana tena. Wa karibu bado. Yupo aliyekupa kaseti ya kwanza, aliyekuazima riwaya ukaikalia na kuikalia, shangazi aliyekusimulia filamu mpaka leo unaapa uliiona. Siku ukimpa mtoto wimbo au kitabu, usimpe mkavu. Mwambie na jina la aliyekupa wewe.