Sailensa kuwa juu kwenye HiAce ya zamani: angalia maji kabla ya kugusa skrubu

KINYINYA, Kigali – HiAce ya dizeli inayopakia mzigo Kinyinya, wilayani Gasabo, kwenda mpaka wa Gatuna (takriban kilomita 80) au Rusumo (takriban kilomita 160) ina milima mingi mbele yake. Sailensa ikibaki juu, dereva wengi humwambia fundi afungue skrubu ishuke. Hilo si suluhisho, na huenda dalili ya kupungua kwa maji ikapuuzwa.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, sailensa kupanda ni kawaida. Kwenye injini nyingi za 2L na 3L, pampu ya dizeli ina kifaa chenye nta kinachopitiwa na maji ya injini. Nta ikiwa baridi, mkono wa pampu huzuiwa usirudi mwisho. Maji yakipata moto, nta hutanuka na mkono huachiwa. Maji yakipungua au yakiwa na hewa, kifaa hakipati joto na sailensa haishuki.

Utaratibu wa kuchunguza:

1. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua rejeta uangalie maji. Yakiwa yamepungua, tafuta panapovuja kabla ya safari. Kujaza tu hakutoshi.

2. Kama dashibodi ina kitufe cha kuongeza mafuta kwa mkono, hakikisha kimerudishwa.

3. Washa injini mpaka ipate moto, kisha izime. Tazama kama mkono wa pampu umegusa skrubu ya sailensa. Kama haujagusa, kuna kinachouzuia. Legeza kebo ya akseleta: mkono ukirudi, kebo imekaza au imeshika kutu. Usiporudi, kagua kifaa cha nta, paipu zake za maji, na thamostati iliyokwama wazi.

4. Gari lenye kiyoyozi huongeza sailensa kikiwashwa. Kizime uone kama inashuka.

5. Mkono ukiwa umegusa skrubu na sailensa bado iko juu, skrubu imewahi kuchezewa au pampu ina tatizo. Mpelekee fundi wa pampu.

Kwa HiAce za petroli, anza na paipu za hewa zilizopasuka, halafu vali ya sailensa iliyojaa masizi.

Hatari ya kufungua skrubu ovyo ni hii: nta ikishaachia mkono, sailensa hushuka kupita kiasi na injini inaweza kuzima. Kwenye injini hizi, busta ya breki hutegemea pampu ya hewa inayozungushwa na injini. Ikizima kwenye mteremko, baada ya kukanyaga mara chache pedeli huwa ngumu, na gari lenye mzigo halisimami kirahisi. Maji yakiisha mlimani, gasketi ya silinda hedi huungua, na mzigo hulala njiani.

Wasafirishaji wanashauriwa kukagua maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, na tena injini ikipoa kwenye foleni ya mpakani.