Walichovumbua Hasa

Kila historia ya Wamarekani weusi inapokumbukwa, orodha ileile husambaa kwenye simu: Garrett Morgan alivumbua taa za barabarani, Alice Parker alivumbua mfumo wa kupasha nyumba joto, Frederick Jones alivumbua lori la jokofu. Imeandikwa kwa nia njema, na kiu inayoizaa inaeleweka, lakini inawapunja watu hao watatu. Hataza zao zinaonyesha kazi inayostahili heshima kubwa kuliko cheo cha mtu wa kwanza.

Tuanze na Morgan. London ilisimamisha taa ya gesi ya kuongoza magari ya farasi karibu na Bunge mwaka 1868, nayo haikuchukua muda ikalipuka. Cleveland, mji alioishi Morgan, ulikuwa na taa za umeme tangu 1914. Hataza aliyopewa tarehe 20 Novemba 1923 inaeleza mlingoti wenye mikono inayoendeshwa kwa kuzungusha mpini. Jambo la maana limo katika hatua zake: kati ya upande mmoja kusimamishwa na mwingine kuruhusiwa, pande zote husimama kwanza, ili aliyekwisha kuingia njia panda atoke na waendao kwa miguu wavuke. Morgan alitambua kwamba ajali huzaliwa katika sekunde zile za kupokezana zamu, akazitengea nafasi yake.

Parker, mkazi wa Morristown, New Jersey, alipewa hataza tarehe 23 Desemba 1919. Warumi walipasha sakafu joto karne nyingi kabla yake, na matanuri ya makaa yaliyopeleka hewa moto vyumbani yalikuwa ya kawaida. Yeye alichora tanuri la gesi lenye vichomeo kadhaa, kila kimoja na njia yake ya hewa, kila kimoja kikidhibitiwa peke yake. Mwenye nyumba angeweza kukipasha joto chumba cha kulala bila kuteketeza gesi kwa ajili ya sebule tupu. Mchoro wake haukuingia kiwandani kama alivyouchora, lakini swali aliloliuliza, kwa nini kila chumba kipate joto sawa, bado linawashughulisha mafundi wa leo.

Kuna watakaosema kwamba usahihi wa namna hii unawapa silaha wabaguzi, na kwamba Edison hapimwi kwa mizani hiyo. Hoja ya Edison ni ya haki: Joseph Swan na wengine walitengeneza balbu pia, na anayemwita Edison mvumbuzi pekee wa taa anapaswa kusahihishwa vilevile. Ile ya silaha siikubali. Dai lililotiwa chumvi hubomolewa kwa tarehe moja tu, na likianguka huangusha na ukweli uliokuwa ndani yake. Hataza yenye namba, jina na mchoro haibomoki hivyo.

Isitoshe, orodha huficha yaliyowazuia. Morgan alipouza kofia yake ya kujikinga na moshi, iliyopata hataza mwaka 1914, alimkodi mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi. Mwaka 1916 aliivaa akaingia katika handaki lililolipuka chini ya Ziwa Erie kuokoa watu. Habari zilipoenea kwamba mwenye kofia ni mtu mweusi, baadhi ya wateja walifuta oda zao.

Jones alipita njia nyingine. Alikuwa yatima, fundi aliyejifunza mwenyewe. Malori ya wakati wake yalitegemea barafu kupoza mizigo, na mitambo ya kupoza iliyojaribiwa ilikuwa mizito, ikivunjwa na mitikisiko ya barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alitengeneza mtambo mwepesi uliostahimili mitikisiko hiyo, na baadaye ukahamishwa kutoka chini ya lori hadi mbele, juu ya kichwa cha gari, mbali na matope. Wakati wa vita vya pili vya dunia mitambo ya aina hiyo ilihifadhi damu, dawa na chakula cha wanajeshi. Tofauti yake na Parker ilikuwa mtaji: Joseph Numero, mfanyabiashara wa vifaa vya sauti vya sinema, alianzisha naye kampuni ambayo baadaye iliitwa Thermo King. Marekani ilipotoa Medali ya Taifa ya Teknolojia mwaka 1991, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa, iliwatunuku Numero na Jones kwa pamoja.