Kabla ya Kuwasha Moto Nairobi, Pima Dohani

Sisi wa Pwani tumezoea kufungua madirisha upepo uingie. Kijana wetu akihamia Nairobi kwa masomo au kazi, hujifunza kuyafunga. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti si mchezo.

Katikati ya jiji, maofisi na mahoteli makubwa hupitisha hewa kwenye mabomba ya bati juu ya dari. Fundi huyapima kwa kuziba matundu yote na kusukuma hewa ndani kwa feni yenye kipimo. Kiasi anacholazimika kuongeza ili shinikizo lisishuke ndicho kinachovuja. Nyumba za kawaida hazina mabomba hayo. Ila nyumba nyingi za zamani upande wa magharibi, kama Lavington na Karen, zina meko ya ukutani yenye dohani. Bomba la ofisini likivuja, hasara ni umeme. Dohani ikivuja, hasara ni roho, kwani kuni na makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Namna ya kupima:

1. Meko yakiwa baridi, angalia kwa tochi kama mna viota, masizi au nyufa.
2. Washa kijiti cha udi kwenye mdomo wa meko. Moshi upande juu. Ukirudi chumbani, usiwashe moto.
3. Rudia madirisha yakiwa yamefungwa na feni ya jikoni ikizunguka, maana feni huweza kuvuta moshi urudi chini.
4. Washa moto mdogo, dirisha wazi, kisha pitisha udi kandokando ya ukuta wa dohani. Moshi ukinyonywa au kusukumwa, pana ufa. Mwite fundi.

Udi huonyesha kasoro, hauthibitishi usalama. Weka pia king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Jiko la makaa, lakini, halina dohani wala cha kupima. Usilale nalo ndani, hata likionekana limefifia. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje mara moja, kisha waende hospitali.

Mpigie mwanao leo, umuulize analala na nini.