Picha za mistari ya nyota hutengenezwaje?

Katika baadhi ya picha za usiku, nyota huonekana kama mistari ya duara. Mistari hiyo huchorwa na mzunguko wa dunia, ambayo hugeuka nyuzi 15 kila saa.

Enzi za filamu, lenzi iliachwa wazi kwa saa nzima. Kamera ya dijitali ikiachwa hivyo, picha hujaa chenga. Kwa hiyo mpigapicha hupiga picha za sekunde 30 mfululizo, 120 kwa saa, kisha huziunganisha kwenye kompyuta. Mwanaanga wa Marekani Don Pettit alifanya hivyo mwaka 2012 akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Programu kama StarStaX hulinganisha picha zote nukta kwa nukta na kubakiza nukta yenye mwanga mkali zaidi. Kazi ngumu huanzia hapo. Ndege iliyopita mara moja tu itabaki, maana nayo inang'aa. Sharti ifutwe kwenye picha yake kwanza. Satelaiti vilevile, na siku hizi ni nyingi mno.

Je, ni udanganyifu? Kuunganisha peke yake, hapana. Kubandika anga la kwingine, ndiyo, na Ikweta huifichua hila hiyo. Mjini Nanyuki, Kenya, ncha za anga ziko kwenye upeo wa macho, kaskazini na kusini. Nyota huchora nusu duara kila upande, na zile za katikati hupita karibu wima. Ukiona duara kamili juu ya Mlima Kenya, anga hilo limetoka kwingine.