Undugu Unaopotosha: Msamiati wa Juu wa Kiingereza katika Vyuo Vikuu vya Ujerumani

Mjerumani aanzapo kujifunza Kiingereza hupokewa na maneno anayoyafahamu tangu utotoni. Nyumba ni "Haus" kwao na "house" kwa Waingereza. Maji ni "Wasser" na "water". Hata pale sauti zinapohitilafiana, hitilafu yenyewe ina utaratibu. Kufikia karne ya 8, lahaja za kusini zilizozaa Kijerumani sanifu zilikwisha badili vipasuo t, p na k katika mazingira maalumu. Ndiyo maana "ten" ya Kiingereza inakabiliana na "zehn", "pepper" na "Pfeffer", "make" na "machen". Aliyeishika kanuni hiyo hukisia maneno mengi bila kamusi, kama Mswahili anayejifunza Kigiryama atambuavyo mara moja kwamba "atu" ni watu. Hivyo imezoeleka kusemwa kwamba Kiingereza ni chepesi kwa Wajerumani. Kauli hiyo ni ya kweli jikoni na shambani. Katika chumba cha mhadhara mambo ni mengine, na sababu yake ni ya kihistoria.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama, kasri na maktaba za nchi hiyo zilitumia Kifaransa na Kilatini kwa karne kadhaa. Kiingereza kiliporejea katika nyanja hizo kilikuta nafasi zimekwisha jazwa, kikayapokea maneno ya wageni kwa maelfu. Matokeo yake ni lugha yenye tabaka mbili: la chini ni la Kijerumaniki, la juu ni la Kilatini. Uhuru ni "freedom" na pia ni "liberty", ilhali Mjerumani ana "Freiheit" peke yake.

Kijerumani kilishika njia tofauti, tena kwa makusudi. Mwaka 1687, Christian Thomasius alitangaza mjini Leipzig kwamba angetoa mhadhara kwa Kijerumani badala ya Kilatini, jambo lililowaudhi wengi. Kizazi kilichofuata, mwanafalsafa Christian Wolff aliimarisha istilahi za falsafa kwa maneno ya nyumbani: "Begriff" kwa dhana, "Bewusstsein" kwa fahamu. Mwaka 1801 Joachim Heinrich Campe alichapisha kamusi nzima ya kupendekeza mbadala wa maneno ya kigeni. Mengi hayakushika, lakini mwelekeo ulikuwa wazi. Wakemia nao walifuata. Istilahi za Kifaransa zilizopangwa na Lavoisier na wenzake mwaka 1787 zilifasiriwa kipande kwa kipande: oksijeni ikawa "Sauerstoff", yaani kitu kichachu, na haidrojeni ikawa "Wasserstoff", kitu cha maji. (Kiswahili, kama inavyoonekana, kilichagua kutohoa.) Hivyo, kadiri taaluma zilivyostawi katika lugha zote mbili, ndivyo msamiati wa juu wa Kijerumani ulivyozidi kuachana na ule wa Kiingereza, huku misamiati ya chini ikibaki jirani.

Hapa ndipo penye siri ambayo walimu wengi huipita bila kuiona. Sehemu kubwa ya maneno hayo ya nyumbani ni Kilatini kilichovishwa nguo za Kijerumani. "Eindruck", yaani picha inayobaki akilini, imeundwa kwa "ein", ndani, na "Druck", mgandamizo. "Impression" ya Kiingereza imeundwa vivyo hivyo, kwa vipande vya Kilatini vyenye maana zilezile. "Ausdruck" ni "expression". "Vorurteil", hukumu itolewayo kabla, ni "prejudice". "Abhängig", yaani tegemezi, ni chenye kuning'inia kutoka kwa kingine, na "dependent" ni hivyo hivyo. Daraja lipo, lakini huvukwa na yule tu ajuaye kwamba "in" ya Kilatini hujibu "ein", na "de" hujibu "ab". Mswahili asiyejua Kiarabu hutumia elimu, mwalimu, taaluma na maalumu maisha yake yote pasipo kuhisi kwamba yote ni ya mzizi mmoja.

Nani basi alilijua daraja hilo? Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen mwaka 1810, alisoma Kilatini shuleni kabla ya kuingia katika utumishi wa chama cha misheni cha Kiingereza. Maelezo yake ya sarufi ya Kiswahili yalichapwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Kamusi mashuhuri ya Kiswahili ya karne ya 19 ni, pamoja na mengine, ushahidi wa msamiati wa Kiingereza alioujenga Mjerumani mmoja.

Kwa muda mrefu vyuo vikuu vilidhani kila mwanafunzi ana msingi kama huo. Göttingen, kilichofunguliwa 1737 chini ya mtawala wa Hanover aliyekuwa pia mfalme wa Uingereza, kilikusanya vitabu vya Kiingereza kwa wingi. Taaluma ya filolojia ya Kiingereza ilipopata kiti chake Strasbourg mwanzoni mwa miaka ya 1870, chini ya Bernhard ten Brink, ilijishughulisha zaidi na matini za kale. Friedrich Kluge na Frederick Lutz walitoa mwaka 1898 kitabu kidogo cha etimolojia ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi, na kitabu cha namna hiyo kilikuwa na manufaa kwa aliyekwisha soma Kilatini miaka tisa. Wilhelm Viëtor, katika kijitabu chake cha 1882, alikuwa amekwisha shambulia mtindo wa kukaririsha kanuni na maneno yasiyo na muktadha. Alikuwa na haki. Hata hivyo, mageuzi aliyoyachochea yalielekea kwenye matamshi na mazungumzo. Tabaka la juu la msamiati halikupata mtetezi.

Wakati huohuo milango ilikuwa ikifunguka. Mwaka 1900 Prussia iliwapa wahitimu wa shule za sekondari zisizofundisha Kilatini haki sawa ya kuingia chuo kikuu, na mwaka 1908 wanawake nao wakaruhusiwa kujiandikisha rasmi. Hayo yalikuwa maendeleo ya haki kabisa. Lakini waliongia kwa milango hiyo mara nyingi hawakuwa na ufunguo ambao waliowatangulia waliupewa na shule, na haukuonekana upungufu wa mafunzo. Ulionekana upungufu wa kipaji.

Kuna na hatari ya maneno yanayofanana umbo yakahitilafiana maana. Mjerumani anayetaka kusema kwamba matokeo ya utafiti huenda yakabadilika hukumbuka "eventuell", yaani pengine, akaandika "eventually". Msomaji Mwingereza huelewa kwamba hatimaye yatabadilika. Tahadhari ya mtafiti imegeuzwa kuwa ahadi, na hakuna kosa la sarufi la kumshtua mhariri.

Katika karne ya 20 orodha za maneno zilirudi kwa sura mpya. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno 2,000 ya jumla, na mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza familia 570 za maneno ya kitaaluma, zilizochujwa kutoka matini za maneno milioni 3.5 hivi. Kazi hiyo ni ya thamani. Hata hivyo iliandaliwa kwa wanafunzi wa lugha zote, na Mjerumani si mwanafunzi wa lugha zote. "Theory" na "structure" anazo tayari. "Eventual" ni mtego. "Assume" ni ngeni hadi aonyeshwe kwamba ni "annehmen" yake iliyoundwa kwa vipande vya Kilatini. Orodha huyaweka maneno hayo yote katika safu moja.

Tangu Azimio la Bologna la 1999, programu za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza zimeongezeka Ujerumani, na sharti la Kilatini limelegezwa au kufutwa katika vyuo na majimbo kadhaa, hata kwa wanaosomea ualimu wa Kiingereza. Kazi ya kuwaonyesha wanafunzi viambishi na mizizi, iliyokuwa ya mwalimu wa Kilatini, sasa imemwangukia mhadhiri wa Kiingereza, ambaye aghalabu ana saa mbili kwa wiki.