Historia ya Chuma cha Kulehemu na Lehemu katika Ukanda wa Dhahabu wa Bulyanhulu na Geita, 1951–2020

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu Bulyanhulu yanahusu dhahabu, ardhi na haki za wachimbaji. Kuondolewa kwa wachimbaji wadogo mwezi Agosti 1996, Barrick kuinunua kampuni ya Sutton Resources mwaka 1999, na mgodi wa chini ya ardhi kuanza uzalishaji mwaka 2001 ni matukio yanayotajwa mara kwa mara. Pembeni mwa matukio hayo wamekuwapo watu ambao kazi yao haikuhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya machimbo. Hao ni mafundi wa vibandani huko Kakola, Kahama, Katoro na Geita, wanaotengeneza redio, tochi, chaja na simu. Insha hii inachunguza zana mbili wanazozitegemea, yaani chuma cha kulehemu na lehemu yenyewe, na inauliza swali moja: ni nini kiliamua fundi ashike chuma gani na ayeyushe lehemu ipi?

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uchaguzi huo uliongozwa na mambo matatu: chanzo cha joto, umbo la kifaa kilicholetwa kutengenezwa, na njia iliyotumika kuifikisha lehemu sokoni. Kila mara jambo mojawapo lilipobadilika, sehemu ya ujuzi wa zamani iligeuka kuwa kosa. Mabadiliko hayo yalimwangukia fundi peke yake, pamoja na madhara yake kwa afya.

2.0 Neno, Metali na Dawa ya Kusafishia

Neno lehemu limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kushikamana, ambao ndio pia uliozaa neno la lugha hiyo lenye maana ya nyama. Katika Kiswahili kitenzi kulehemu kimetanuka kiasi cha kuhusishwa hata na uungaji wa vyuma vizito, kazi ambayo kwa kawaida huitwa kuchomelea. Tofauti yake ni ya msingi. Katika kuchomelea, vipande vyenyewe huyeyuka. Katika kulehemu, vipande hubaki imara na metali laini iliyo kati yake ndiyo inayoyeyuka.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, lehemu ya elektroniki ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Mchanganyiko wenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka na kuganda papo hapo katika nyuzi 183 za selsiasi. Ule wa 60 kwa 40 hauko mbali nao, kwani umekwisha yeyuka wote kufikia takribani nyuzi 190. Wa nusu kwa nusu hubaki kama uji kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuganda, nao ulifaa kazi za mabati na mabomba kuliko kazi za waya nyembamba.

Jambo la pili ni fluksi, yaani dawa inayoondoa kutu ili lehemu ishike. Fundi bati aliyetengeneza vibatari na madebe alitumia dawa ya asidi yenye kloridi ya zinki. Dawa hiyo husafisha vizuri, lakini mabaki yake huendelea kula shaba. Kwa hiyo kibatari hudumu, ilhali redio iliyounganishwa kwa dawa hiyohiyo huonekana nzima siku ya kwanza kisha hufa baada ya miezi. Fundi redio alihitaji utomvu mkavu wa msonobari, ambao kwa kawaida huwekwa ndani ya waya wa lehemu. Mpaka kati ya ufundi bati na ufundi redio uliwekwa na dawa hiyo zaidi kuliko na chuma.

3.0 Redio na Mkaa, 1951–1984

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Redio za awali zilikuwa za vali, zenye vituo vinene vya kuunganishia nyaya na fremu ya chuma iliyonyonya joto haraka. Zilihitaji chuma kizito. Mahali pasipo na umeme, chuma hicho kilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mbao, kikipashwa kwenye jiko la mkaa. Uzito wake ulikuwa faida, maana ndio uliohifadhi joto kutoka jikoni hadi mezani. Hata hivyo, moto wa mkaa ulikifunika kichwa cha shaba kwa masizi na kutu kila kilipopashwa, na lehemu haikishiki kichwa cheusi. Kwa hiyo tupa ilikaa kando ya jiko: fundi alipiga tupa, akachovya kwenye utomvu, akapaka lehemu, ndipo akafanya kazi.

Redio za transista zilibadilisha kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza redio na betri za National. Redio ndogo ya betri ilifika vijiji ambavyo redio ya vali isingefika kwa urahisi. Hata hivyo, transista za awali za germani ziliharibiwa na joto lililopanda kupitia miguu yake, na ukanda mwembamba wa shaba kwenye bodi ulibanduka chuma kikikawia. Kifaa kilidai chuma chepesi cha wati 25 hadi 40, wakati kijiji kilikuwa bado na mkaa. Suluhisho lilikuwa la mikono: kuushika mguu wa transista kwa koleo ili koleo linyonye joto, na kugusa kwa sekunde mbili au tatu tu.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo takribani watu milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya afya kwa redio. Redio ya kikundi ilipokatika kiungo kimoja, kikundi kizima kilikosa somo. Uwezo wa fundi kushika joto sahihi kwa sekunde chache ulikuwa sehemu ya miundombinu ya elimu ya watu wazima, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, uhaba wa fedha za kigeni uliifanya lehemu mpya kuwa adimu kama zilivyokuwa bidhaa nyingine za nje. Uhaba wa namna hiyo humrudisha fundi kwenye lehemu ya zamani, iliyokusanywa kutoka kwenye bodi zilizokufa au rejeta za magari. Ya bodi imepoteza utomvu wake. Ya rejeta huwa na risasi nyingi zaidi, hivyo huyeyuka kwa joto kubwa, na anayeitumia kwenye bodi hulazimika kuunguza kile anachotaka kukiponya.

4.0 Jenereta na Mashimo, 1984–2000

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Vifaa vya elektroniki vikaongezeka madukani katika kipindi kilekile ambacho wachimbaji wadogo walikuwa wakimiminika katika maeneo ya dhahabu, Bulyanhulu ikiwamo. Gridi ya taifa ilifika Shinyanga na Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini umeme huo haukwenda mashimoni.

Mashimoni umeme ulitoka kwenye jenereta au betri ya gari. Kila kimoja kilikuja na mipaka yake. Nguvu ya chuma cha umeme hushuka kwa mraba wa volti: chuma cha wati 30 kilichotengenezwa kwa volti 230 hutoa takribani wati 18 tu jenereta ikishuka hadi volti 180. Kiungo huonekana kimeshika, kumbe lehemu imeganda juu ya waya bila kuungana nao. Chuma cha volti 12 kilikwepa tatizo la jenereta, lakini kile cha wati 40 hunyonya zaidi ya ampea 3, na betri hiyohiyo ilitakiwa kuwasha taa usiku. Kwa hiyo kununua chuma chenye wati zaidi ya zilizopendekezwa vitabuni hakukuwa ujinga. Ilikuwa hesabu ya volti zitakazopungua.

Vifaa vya machimbo navyo vilikuwa na madai yake. Tochi na nyaya zake hutikiswa, hulowa na kujaa vumbi. Kiungo chake kilihitaji waya kusokotwa kwanza ili nguvu ibebwe na waya wenyewe, kisha lehemu ije kuziba. Aliyetegemea lehemu peke yake alirudishiwa tochi baada ya siku chache, na mchimbaji ambaye tochi imemzimikia shimoni haulizi kuhusu asilimia za bati.

5.0 Gridi, Simu na Kugeuka kwa Ujuzi, 2000–2020

Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Shinyanga hadi Bulyanhulu ilijengwa kwa ajili ya mgodi. Nyaya hizo zilipita juu ya vijiji, lakini umeme mkubwa haufai kibandani mpaka pawe na transfoma na nguzo za mtaa. Kazi hiyo ilipata msukumo baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuenea, na simu ndiyo iliyokuwa ikijaza meza ya fundi.

Mabadiliko mawili ya kipindi hiki yaligeuza ujuzi wa miaka 50. La kwanza lilihusu ncha. Vyuma vipya vina ncha ya shaba iliyofunikwa kwa utando wa chuma. Tupa, iliyokuwa rafiki wa fundi wa mkaa, huung'oa utando huo, na ncha huliwa na lehemu ndani ya muda mfupi. Fundi aliyefuata vema mafunzo ya mwalimu wake ndiye aliyeharibu ncha mapema zaidi.

La pili lilianzia mbali. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza marufuku ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na watengenezaji wakubwa wakageukia lehemu ya bati yenye fedha na shaba kidogo. Lehemu hiyo huyeyuka katika nyuzi 217 hadi 220, na kiungo chake kizuri mara nyingi huwa na rangi iliyofifia. Kwa kanuni ya zamani, kiungo kilichofifia ni kiungo kibovu. Hivyo fundi aliyekagua bodi mpya kwa jicho la zamani angeweza kuvirudia viungo visivyo na kosa, na kwa joto hilo la ziada akaleta hitilafu ambayo haikuwapo.

Sheria ya Ulaya ilibadilisha bodi iliyofika Kakola. Haikubadilisha waya wa lehemu mezani. Kwa fundi mwenye chuma kisicho na kidhibiti joto, lehemu ya risasi inayoyeyuka kwa nyuzi 183 huilinda bodi kuliko ile mpya. Uamuzi wake wa kuendelea nayo ni wa kiufundi, na una mantiki.

6.0 Risasi Vidoleni

Mantiki hiyo ina gharama. Wengi hudhani hatari ya lehemu imo katika moshi wake. Kwa joto la kawaida la kulehemu, risasi haitoi mvuke wa kutajika. Moshi unaoonekana ni wa utomvu, nao unaweza kusababisha pumu kwa anayeuvuta miaka mingi. Risasi huingia kwa njia ya kimya zaidi, kutoka vidoleni na kwenye vumbi la meza hadi kwenye chakula, na kutoka kwenye nguo hadi kwa watoto nyumbani. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa salama.

Ulinganisho na zebaki unafaa hapa. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita imefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1990, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Metali zote mbili zimetumiwa na watu wa soko moja kwa sababu moja: zinarahisisha kazi kwa asiye na mtaji. Ile iliyohusiana na dhahabu ilipata mkataba wa kimataifa. Ile ya kibandani iliachiwa maji na sabuni, kama vipo.

7.0 Hitimisho

Historia ya chuma cha kulehemu katika ukanda huu haiwezi kuandikwa kama orodha ya zana zilizoboreka hatua kwa hatua. Mkaa, jenereta na gridi, kila kimoja kilikuja na kanuni zake, na kanuni sahihi ya kizazi kimoja ikawa kosa la kizazi kilichofuata. Tupa na mng'aro wa kiungo ni ushahidi wa hilo. Kwa mtafiti wa historia ya machimbo, vibanda hivi vinaonesha jinsi maamuzi ya mbali, kama vile sera ya uagizaji ya 1984, njia ya umeme ya mgodi na sheria ya Ulaya ya 2006, yalivyofika mwisho wake kwenye ncha ya chuma mkononi mwa mtu mmoja. Kwa walimu wa ufundi, funzo ni bayana zaidi: mwanafunzi afundishwe sababu ya kanuni pamoja na kanuni yenyewe, ili kifaa kinapobadilika ajue lipi la kuacha, na anapomaliza kazi ajue kwa nini anawe mikono kabla ya kula.