Piano ya jazi ilivyojifunza kutoka nje ya ufunguo

Mpiga kinanda anayecheza katika ufunguo wa C ana noti saba za nyumbani, zile ambazo wanakwaya wa Kenya huziimba kama do, re, mi, fa, so, la na ti. Noti tano zilizobaki, yaani vibao vyeusi, ni za nje. Sol-fa inazitambua, ikaziita fi au ta kulingana na mahali zinapotokea, lakini kwa kawaida ni wapita njia: noti moja hupenya katikati ya wimbo, kisha wimbo ukaendelea na mambo yake. Kubuni nje ya ufunguo ni jambo jingine. Mpigaji huiacha kwa makusudi skeli, yaani ngazi ya noti za ufunguo, ambayo besi bado inaishikilia, akacheza kwa muda katika skeli nyingine kabisa, halafu akarudi. Vijana wanaopiga vinanda makanisani katika mtaa wa Free Area, mashariki mwa Nakuru kando ya barabara kuu ya Nairobi, siku hizi huutazama ufundi huu kwenye simu na kujaribu kuuiga. Umri wake katika piano ya jazi unakaribia miaka 70, na baadhi ya waliouendeleza walipewa majina ya Kiswahili.

Kabla ya mwisho wa miaka ya 1950, noti ya nje ilihitaji kibali. Wapigaji wa mtindo wa bebop wa miaka ya 1940, akiwemo Bud Powell, walicheza noti nyingi zisizo za ufunguo, ila kila moja ilikuwa na sababu yake katika kodi, yaani lile kundi la noti zinazobonyezwa kwa pamoja. Kodi zilibadilika haraka, wakati mwingine mbili kwa kila hesabu ya mapigo manne, na mpigaji hodari alizifuata moja baada ya nyingine bila kuteleza. Thelonious Monk alikwenda mbali kidogo. Alibonyeza vibao viwili vinavyopakana kwa wakati mmoja, noti zikagongana, na akaziacha zigongane. Hata hivyo Monk hakuhama nyumba. Tuni zake zilibaki katika ufunguo wake, zikiwa na miiba.

Vitabu vilivyokuja kuwa chakula cha kizazi kilichofuata vilikuwa tayari vimeanza kutoka. Mwaka 1947 Nicolas Slonimsky, mwanamuziki mzaliwa wa Urusi aliyeishi Marekani, alichapisha mkusanyiko mkubwa wa skeli na mifuatano ya noti ambayo haikuwalenga watu wa jazi hata kidogo. Mpiga saksafoni John Coltrane aliufanyia mazoezi. Mwaka 1953 George Russell alitoa nadharia yake, ambayo ilizipanga noti kwa jinsi zilivyo karibu au mbali na kituo cha sauti badala ya kuzigawa kuwa sahihi na makosa. Mpangilio huo ulimpa mpigaji namna ya kufikiri juu ya umbali: angeweza kuamua aende mbali kiasi gani.

Mlango wenyewe ulifunguliwa mwaka 1959, wakati mpiga tarumbeta Miles Davis aliporekodi albamu ya Kind of Blue. Kipande chake cha kwanza, So What, kina hesabu 32 na skeli mbili tu. Hesabu 16 za mwanzo zinakaa kwenye D, nane zinazofuata zinapanda nusu toni, na nane za mwisho zinarudi D. Kwa wapigaji waliozoea kukimbizana na kodi, hapo palikuwa uwanja mtupu. Kodi isipobadilika kwa muda mrefu, sikio la msikilizaji hutulia na kujua nyumbani ni wapi, na mwenye kupajua nyumbani anaweza kumfuata anayetoka. Bila uthabiti huo, noti ya nje husikika kama kosa tu.

Mtu yeyote mwenye kinanda anaweza kuusikia mfano huo nyumbani kwake. Mkono wa kushoto ushikilie D nzito, na wa kulia ucheze noti tano: D, F, G, A na C. Zote ni nyeupe. Kisha umbo hilohilo lipandishwe nusu toni, na mkono wa kulia utajikuta juu ya vibao vyeusi vitano, vyote na si kingine, huku D ya kushoto ikiendelea kuvuma. Hakuna hata noti moja inayopatikana katika makundi yote mawili. Mtu akicheza kifungu kifupi kwenye vyeupe, akakirudia kwenye vyeusi, akakimalizia kwenye vyeupe, ameshacheza nje ya ufunguo na kurudi.

Aliyeifanya mbinu hii kuwa lugha kamili ya piano ni McCoy Tyner. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1938, na piano aliyojifunzia ilikuwa katika saluni ya mama yake. Bud Powell aliishi jirani kwa muda. Mwaka 1960 Tyner alijiunga na kikundi cha Coltrane na kukaa humo hadi mwisho wa 1965. Kazi yake ilikuwa na ugumu wa pekee. Mpiga saksafoni akitaka kutoka nje anatoka na mdomo wake, lakini piano ndiyo hutangaza kodi, na ikiitangaza kwa ukamilifu, humfungia mwenzake mlango. Mpiga saksafoni Ornette Coleman aliutatua mgogoro huo mwaka 1959 kwa kuiondoa piano kabisa katika kikundi chake. Tyner aliutatua kwa vidole. Badala ya kujenga kodi kwa kuruka noti moja moja, do na mi na so, alizipanga kwa nafasi za nne: D, G, C. Kodi ya namna hiyo haisemi kama ina furaha au huzuni, na inaweza kusogezwa nusu toni juu au chini bila kumfunga mtu. Mkono wake wa kushoto ulishuka kwanza kwenye noti nzito za chini, kama mtu anayekita nguzo, kisha ukapanda juu kuzunguka na kodi hizo, huku wa kulia ukikimbia kwenye skeli za noti tano za ufunguo mwingine. Passion Dance, alichorekodi mwaka 1967, bado ni kipande ambacho wanafunzi wa piano hukiandika noti kwa noti ili waone alitoka wapi na kurudi wapi.

Coltrane mwenyewe alitoa somo lililo wazi zaidi Desemba 1964, kwenye sehemu ya kwanza ya A Love Supreme. Ana tuni fupi ya noti nne. Anaichukua na kuipitisha katika funguo zote 12, bila mpangilio unaoweza kutabirika. Msikilizaji hapotei kwa sababu umbo la tuni halibadiliki hata likihamishwa. Siri kubwa ya kazi nzima ndiyo hiyo, na vitabu vingi huitaja kwa sauti ndogo mno: sikio husamehe noti ngeni likipewa umbo linalolijua na mapigo yaliyonyooka. Mpigaji anayesitasita kwenye mapigo, hata noti zake za ndani haziaminiki.

Mpiga piano Herbert Hancock, ambaye dunia inamjua kama Herbie, aliingia kwenye ufundi huu kwa njia ya makosa. Alizaliwa Chicago mwaka 1940, akacheza Mozart na okestra ya jiji hilo akiwa na umri wa miaka 11, na mwaka 1963 akaitwa na Miles Davis. Amesimulia mara nyingi kwamba Davis aliwahi kumpa ushauri ambao hakuusikia vizuri. Akaelewa kwamba anatakiwa kuacha noti za siagi. Akajiuliza siagi ya kodi ni ipi, akaamua ni zile noti mbili zinazoifanya kodi ijulikane ni ya aina gani, ile ya tatu na ile ya saba. Akaziacha. Kodi zikabaki wazi, na ghafla noti nyingi zaidi zikawa zinaruhusiwa juu yake. Simulizi lake jingine ni la tamasha la Stuttgart, Ujerumani, katika miaka hiyohiyo ya 1960: alibonyeza kodi isiyofaa kabisa wakati Davis akipiga So What, na Davis, badala ya kukunja uso, akacheza noti zilizoifanya kodi hiyo ionekane ilikusudiwa.

Wakati huo Kiswahili kilikuwa tayari kimeingia studio za New York. Mpiga piano Randy Weston, mfuasi wa Monk katika kugonganisha noti, alirekodi Uhuru Afrika mwaka 1960. Maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akayasoma kwa Kiswahili. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Miaka kumi baadaye lugha hiyo ilikuwa imeenea miongoni mwa Wamarekani weusi kupitia harakati za Maulana Karenga, mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa. James Mtume, mpiga ngoma aliyekuwa katika harakati hizo, ndiye aliyewagawia majina wanamuziki wa kikundi kipya cha Hancock. Hancock akawa Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams akaitwa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye pia alikuwa daktari, akaitwa Mganga, Bennie Maupin akawa Mwile na Julian Priester Pepo Mtoto.

Albamu ya Mwandishi ilirekodiwa siku ya mwisho ya mwaka 1970 na kutoka 1971. Kipande chake cha kwanza kinasimama juu ya mdundo mmoja wa besi unaorudiwarudiwa, wenye mapigo 15 badala ya 16, ili msikilizaji asipate pa kutulia. Juu ya besi hiyo piano ya umeme ya Hancock huzunguka bila kujali ufunguo. Kikundi hakikudumu, kilivunjika mwaka 1973, na fedha zilichangia. Lakini mafunzo yake yalikuwa yameshaenea: shikilia kitu kimoja chini, na juu nenda utakako.

Afrika Mashariki haikuupokea ufundi huu wakati huo. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, na upande wa Kenya Shirati Jazz, zilikuwa bendi za magitaa na sauti za watu, na uzuri wake ulikuwa katika kusukana kwa magitaa ndani ya ufunguo mmoja. Aliyekuwa na piano na kodi za kisasa katika ukanda huu alikuwa Mulatu Astatke wa Ethiopia, aliyesoma Uingereza na Marekani kabla ya kurudi Addis Ababa na kuweka skeli za nyumbani za noti tano juu ya kodi za jazi. Tatizo lake lilikuwa kinyume cha la Tyner. Skeli hizo hupoteza ladha upesi, kwa hiyo noti ya nje ilibidi ipimwe kama chumvi.

Bonde la Ufa nalo lina noti zake tano. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akirekodi nyimbo zinazosindikizwa na ala za nyuzi ambazo Wakalenjin huziita kibugandet au chepkong'o. Muziki huo hurudia mzunguko mfupi wa noti chache, na mwimbaji hubuni juu yake. Kwa mpiga piano wa Nakuru, noti tano na mzunguko usiokoma ni vitu ambavyo sikio limevikuta nyumbani. Kinachokosekana ni kuzihamisha.

Piano yenyewe ilikuja Kenya kama ala ya walowezi na ya mitihani. Chuo cha muziki cha Nairobi, Kenya Conservatoire of Music, kilianzishwa mwaka 1944, na kwa miongo mingi mafunzo rasmi yalimaanisha madaraja ya mitihani ya Uingereza. Jazi ya piano ilipata jukwaa kubwa baadaye sana: tamasha la jazi la Safaricom lilianza 2014, na wapigaji kama Aaron Rimbui, aliyetoka Nairobi na kwenda kufanya kazi New York, walionyesha kwamba inaweza kuwa riziki. Nje ya Nairobi, shule ya kinanda ni kanisa.

Kanisani ndipo penye kikwazo kikubwa, nacho ni kitufe kidogo cha transpozi. Mwimbishaji akianza pambio kwa sauti yoyote ile, mpigaji hubonyeza kitufe mpaka kinanda kimkute, kisha akaendelea kucheza kwenye ufunguo mmoja anaoujua. Ibada inakwenda vizuri, lakini vidole havijifunzi kamwe funguo 11 zilizobaki, na kutoka nje ya ufunguo si kingine ila kuingia kwenye mmojawapo wa hizo. Anayetaka kujifunza hukizima kitufe wakati wa mazoezi, akachukua kifungu kimoja cha pambio na kukicheza katika funguo zote kabla ya kugusa skeli yoyote ngeni.

Mahali pa kuvitumia vifungu hivyo pia papo. Wakati wa kusifu, pambio likishaimbwa, bendi huingia kwenye sebene, mzunguko wa kodi mbili au tatu uliotoka Kongo, na watu hucheza dakika nyingi bila kuimba. Besi haihami, ngoma hazihami. Mpiga kinanda anaweza kutoka kwa nusu toni kwa hesabu mbili, akarudi hesabu ya tatu, na anayecheza dansi asigundue ila kwamba muziki umechangamka. Kutoka wakati waumini wanaimba ni jambo jingine: sauti za watu hufuata kinanda, na nusu toni moja inatosha kuwagawa. Ndiyo maana wapigaji wenye uzoefu humtazama mwimbishaji, na akisogeza maikrofoni mdomoni, mkono wa kulia huwa umesharudi kwenye do.